Buluu ya Ukurasa wa Nne

Kazi yangu ni kuandika vile vitabu ambavyo watu huvitumia kuzuia mlango usijifunge. Kampuni yetu inatengeneza mifumo ya kompyuta ya hospitali, nami naandika vitabu vya maelekezo: bonyeza hapa, andika pale, ukikwama rudi mwanzo. Hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha njiani anisifu kwa kazi hii. Kwa hiyo nilijifunza kujisifu mwenyewe, na nilichokisifia zaidi kilikuwa ukurasa wa nne.

Ukurasa wa nne ulikuwa na kichwa kisemacho "Alama zinazotumika katika kitabu hiki". Hapo nilieleza kwamba neno lenye herufi nene ni kitufe cha kubonyeza. Maneno ya rangi nyeusi uyaandike kama yalivyo, herufi kwa herufi. Maneno ya rangi ya buluu usiyaandike, bali mahali pake uweke habari zako mwenyewe. Buluu yenyewe niliitafuta siku mbili nzima. Ya kwanza niliikataa kwa sababu imepauka, ya pili kwa sababu ilikuwa inaelekea zambarau. Mume wangu alisema yeye sijawahi kumtazama kwa makini namna ile.

Sasa nimtaje mama yake, yaani mama mkwe wangu, maana bila yeye hakuna kisa. Ni karani wa chumba cha mafaili hospitalini, mwaka wa thelathini na moja huu. Rafu zake zimefika dari. Anaweza kukuchomolea faili lolote huku anakusimulia habari nyingine kabisa, bila kukata maneno. Faili la mgonjwa ambaye dawa fulani inamdhuru hulikata ncha ya juu kwa mkasi, ili hata umeme ukikatika kidole kijue. Na kanuni yake ni moja tu: karani haongezi wala hapunguzi. Kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa.

Kanuni hiyo anaitumia mpaka nyumbani. Nina miaka tisa tangu niolewe na mwanawe, na akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mke wa mwanangu." Wenzangu wanaitwa binti yangu, mwanangu, kipenzi changu, hata wale wasiojua kupokea mzigo mkononi. Mimi ni mke wa mwanangu, kwa sababu ndivyo nilivyo, na karani haongezi. Nilikwisha kuzoea. Huo ni uongo, sikuzoea, lakini nilikwisha kuacha kusubiri.

Hospitali yao iliponunua mfumo wetu, daktari mkuu alitangaza mtihani. Ijumaa, mbele yake, kila karani angesajili wagonjwa kumi kwa kompyuta ndani ya nusu saa. Atakayeweza atabaki na kiti chake, atakayeshindwa atahamishiwa stoo ya mashuka. Mama alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

"Miaka yote hii nimetunza habari za watu," aliniambia, "halafu nikamalizie na foronya?"

Nikajitolea kumfundisha. Akakataa katakata.

"Nikifundishwa na mke wa mwanangu watasema nimebebwa. Kitabu si umekiandika wewe? Basi kama ni kizuri, kitanifundisha chenyewe."

"Ni kizuri, mama. Ila usiruke ukurasa wa nne."

"Mimi siruki ukurasa," akasema. Nikataka nimletee nakala kutoka ofisini, akakataa na hiyo. Alitaka ile watakayopewa wenzake kazini, asije mtu akasema yake ilikuwa na siri.

Jumanne ya wiki ya mtihani, asubuhi, bosi aliingia ofisini akiwa anacheka peke yake. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza nne na feni inayogonga kila ikifika upande wa dirisha. Meza ya pembeni ni ya mtengenezaji wa mfumo, ambaye tunamwita Kwangu Inafanya. Ukimpelekea tatizo lolote, hujaribu kwenye kompyuta yake, huinua mabega na kusema, "Kwangu inafanya." Amelisema neno hilo mpaka bosi naye alisahau jina lake halisi siku ya kumwandikia cheti.

"Njooni muone wagonjwa wetu wapya," bosi akasema, akatugeuzia skrini.

Hospitali moja ilikuwa imeanza mazoezi kwa wagonjwa wa mfano. Kitabu changu kiliwaambia hivi: kwenye kisanduku cha juu, andika MPYA, kisha jina la mgonjwa, kisha mtaa, halafu bonyeza Ingiza. Neno MPYA nililiandika kwa rangi nyeusi. Maneno "jina la mgonjwa" na "mtaa" yalikuwa kwa buluu yangu ile ya siku mbili. Na pale kwenye skrini walikuwa wamejipanga wagonjwa arobaini na mmoja. Kila mmoja aliitwa Jina la Mgonjwa. Kila mmoja alikuwa mkazi wa Mtaa.

Tulicheka mbavu zikauma. Kwangu Inafanya aliegemea ukuta. Mimi ndiye niliyekoleza.

"Ukoo mkubwa huo," nikasema. "Sasa wataoana na nani, na mtaa mzima ni ndugu?"

"Ni mama mmoja mtu mzima, wa chumba cha mafaili," bosi akasema, anajifuta macho. "Hospitali inataka barua kabla ya mtihani wao. Wanauliza, kosa ni la kitabu au ni la karani? Niandikie wewe, mimi nitaweka anwani."

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeuliza ni hospitali gani. Tulikuwa nazo sita, na kila moja ina mtihani wake, chumba cha mafaili na mama mtu mzima. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeguswa ukurasa wangu wa nne. Nikaandika kwa raha kabisa: "Kitabu hakina kosa. Mtumiaji hakuzingatia maelezo yaliyotolewa kinaganaga katika ukurasa wa nne." Barua ikaondoka kabla ya chai ya saa nne.

Kila Jumanne nikitoka kazini hupita kwa mama kumpelekea dawa zake za presha. Siku hiyo nilimkuta sebuleni, miwani puani, meza imefutwa haina kitu ila bunda la karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akanimiminia chai, akaweka sukari vijiko viwili kama ninavyopenda, akakoroga.  Mama akikukorogea chai mwenyewe hivyo, hata mwanawe hukumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Kisha akanisogezea zile karatasi.

"Nionyeshe buluu," akasema.

Nikazitazama. Kilikuwa kitabu changu, nakala ya fotokopi iliyobanwa kwa pini. Kumbe hospitali ilinunua kitabu kimoja tu, ikawatolea makarani wake nakala kwa mashine yao ya kwenye korido, ambayo wino wake unajua rangi moja. Nikafungua ukurasa wa nne. "Maneno ya rangi ya buluu usiyaandike." Neno "buluu" lenyewe lilikuwa jeusi. Nikafungua ukurasa wa tisa. MPYA, nyeusi. Jina la mgonjwa, nyeusi. Mtaa, nyeusi. 

"Ukurasa wa nne nimeusoma mara tatu," mama akasema taratibu. "Umesema cha buluu kibadilishwe. Nikatafuta buluu kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, nikaenda mpaka dirishani kwenye mwanga. Hakuna. Nikajua basi, humu hakuna cha kubadilisha, nyeusi iandikwe kama ilivyo. Nikaandika kama ilivyo."

"Arobaini na moja," nikasema.

"Nilidhani ndiko kubisha hodi kwa mashine. Kwamba ukisema yale maneno, mashine itakufungulia na kukuuliza, haya, mgonjwa mwenyewe ni nani? Ikawa haiulizi. Nikabisha tena. Nikasema pengine haijasikia." Akavua miwani. "Umejuaje kuwa ni arobaini na moja?"

Nyani haoni kundule, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimecheka kwelikweli. Ningeweza kudanganya. Lakini mama alikuwa amekwisha kutoa karatasi nyingine chini ya kile kitabu, na niliijua kabla haijakunjuliwa.

"Daktari mkuu ametusomea leo mchana, mbele ya makarani wote," akasema. "'Kitabu hakina kosa.' Halafu akasoma 'kinaganaga'. Katika watu wote ninaowajua, anayesema kinaganaga ni mmoja. Unalisema hata ukieleza namna ya kukunja soksi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwambia yote: kicheko, ule utani wa ukoo, barua niliyoiandika bila kuuliza. Nilisema nilikuwa na haraka ya kulinda kitabu kuliko kumlinda aliyekisoma. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kuwa si neno, kwa sababu lilikuwa neno. Alikuwa amekalia kuti kavu, na msumeno nilikuwa nao mimi.

"Sawa," akasema mwishowe. "Umesema ulivyotenda, hukupunguza. Leo Jumanne, mtihani Ijumaa. Tunafanyaje?"

Nikaanza kupayuka. Nitaandika kitabu kipya, nitaweka mabano yenye ncha, nitaweka herufi za kulala, nitaweka kivuli cha kijivu nyuma ya maneno. Mama alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyerudisha faili kwenye rafu isiyo yake.

"Hayo mabano, nani atanieleza ni ya nini?"

"Yataelezwa ukurasa wa nne."

"Ukurasa wa nne," akarudia. Akafungua droo, akatoa fomu ya zamani ya hospitali, ya kumlaza mgonjwa. Juu kabisa paliandikwa Jina, kisha nukta nukta mpaka mwisho wa mstari. Umri, nukta nukta. Anakoishi, nukta nukta. "Hizi ulifundishwa na nani?"

Nikafikiri. "Hakuna aliyenifundisha."

"Mimi pia. Nimezijaza shuleni, nimezijaza kanisani, nimezijaza siku ya kuandikisha kifo cha baba mkwe wako. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi anajua nukta nukta maana yake hapa weka ya kwako. Nikitaka kumwambia mtu kitu, namwambia kwa alama aliyokuja nayo. Ncha ya faili nikiikata, kidole kinajua. Yako wewe imefia kwenye fotokopi."

Akachukua kalamu. Kwenye ukurasa wa tisa akakata "jina la mgonjwa", mahali pake akaweka mstari wa nukta, na chini ya nukta kwa herufi ndogo akaandika "jina". Akafanya hivyo kwa mtaa. Kisha akanisukumia kalamu ya pili, kwa maana kitabu kina kurasa sitini na mbili na mimi ndiye niliyejua buluu ilikuwa wapi. Tuliweka nukta mpaka chai ikapoa. Kila nikipitiwa na neno, alinigonga kidole kwa kalamu yake.

Jumatano nilimpelekea bosi barua ya pili. Ilikuwa fupi: "Barua yetu ya jana ifutwe. Kosa ni la kitabu, na aliyekiandika ni mimi. Karani alifuata maelekezo kuliko mtu mwingine yeyote." Bosi aliisoma, uso ukawa mrefu.

"Hii siitumi. Leo hospitali moja, kesho zote sita zitataka vitabu vipya. Watu wa fotokopi ni shida yao. Sisi kitabu chetu ni cha rangi."

"Wagonjwa arobaini na mmoja, bosi."

"Wa mazoezi."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu vibaya. Mimi nikikasirika hupandisha sauti, na sauti ikipanda hoja hushuka. Ndipo tulipoisikia printa ya pembeni ikikohoa. Kwangu Inafanya alikuwa amesimama pale, amechukua kitabu changu halisi mezani pangu, ameweka ukurasa wa tisa kwenye kioo, anatoa nakala kwa wino mweusi. Akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza. Akasoma kimoyomoyo kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo hakuna mtu katika ofisi ile aliyetarajia kuyasikia kwake maishani.

"Hata kwangu haifanyi."

Feni iligonga. Bosi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akachukua kalamu akatia sahihi barua.

Ijumaa niliomba ruhusa nikaipeleka mwenyewe. Daktari mkuu ni mwanamke mwembamba wa maneno machache, na barua aliisoma akiwa amesimama, mbele ya makarani wote, kwa sauti ileile aliyosomea ya kwanza. Alipofika "aliyekiandika ni mimi" akainua macho.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Sawa. Lakini mtihani uko palepale. Mashuka hayajali kosa ni la nani."

Kitabu kiliruhusiwa. Mama akakaa mbele ya kompyuta, amevaa blauzi yake ya kitenge anayoivaa siku za ukaguzi, akaifungua nakala yetu yenye nukta, akaisimamisha kwa kuegemeza kwenye chupa ya gundi. Akapewa kadi kumi za wagonjwa. Alipiga herufi kwa kidole kimoja, cha shahada, na kila herufi aliitafuta kwanza kama aliyeangusha shilingi. MPYA. Jina la mtu halisi. Mtaa wa mtu halisi. Ingiza. Nilisimama ukutani nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Kadi ya tatu, dakika kumi. Kadi ya sita, dakika kumi na nane. Karani mwenzake aliyekuwa anasubiri zamu alianza kumhesabia midomoni.

Kadi ya tisa aliiangalia, akaiweka kando, akachukua ya kumi, akaimaliza. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

"Umeruka moja," daktari mkuu akasema.

"Sijairuka, daktari. Haina mtaa. Hapa kuna nukta nukta, maana yake pajazwe, na mimi wa kujaza sina. Aulizwe mwenye kadi. Nikiweka mtaa wa kichwani mwangu, nimeongeza."

Nilifumba macho. Tisa si kumi. Nilimwona tayari kwenye stoo, anahesabu foronya kwa sababu yangu.

"Kadi hiyo niliipunguza mtaa kwa makusudi," daktari mkuu akasema. "Wawili waliotangulia wameijaza. Mmoja kamweka mgonjwa mtaa anaokaa yeye mwenyewe." Akavuta kiti, kwa mara ya kwanza asubuhi ile akakaa. "Chumba cha mafaili ni chako, mama, mpaka siku utakayonirudishia funguo mwenyewe."

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Lakini niliuona mkono wake ukiishika ile chupa ya gundi na kuipangusa, na haikuwa na vumbi. Mimi nililia bila aibu. Kitabu kimechapishwa upya sasa, kwa rangi moja, na ukurasa wa nne una sentensi moja: penye nukta nukta, jaza.

Ikabaki fomu ya kumalizia, ya kuwekwa kwenye faili lake la kazi. Jina la karani, nukta nukta. Aliyemwelekeza, nukta nukta. Uhusiano wake na karani, nukta nukta. Mbili za kwanza mama alizijaza haraka. Kwenye ya tatu kalamu ilisimama. Nilijua kitakachoandikwa, nimekisikia miaka tisa, nami nikageuka nitazame dirishani nisionekane namhimiza.

"Katoe nakala," akasema, akinipa karatasi imekunjwa. "Moja ya faili, moja yangu."

Nikaenda kwenye korido, kwenye mashine ileile iliyoniulia buluu yangu. Nikaikunjua karatasi, nikaiweka kwenye kioo, nikabonyeza. Nakala ilitoka nyeusi na wazi, haikupoteza hata nukta. Kwenye mstari wa tatu paliandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka: "Mwanangu. Alikosea, akakiri, akarekebisha."

Niliisoma mpaka mtu wa nyuma yangu akaniomba mashine. Nikarudi chumbani na karatasi mbili mkononi.

"Mama," nikasema, "si ulisema karani haongezi?"

"Sijaongeza," akasema, ananipokonya nakala yake. "Na wala sijapunguza. Kosa lako liko hapo pia."

Akaikunja, akaitia mkobani, akachukua funguo zake akaenda kufungua chumba cha mafaili, maana wagonjwa walikuwa wameshajaa dirishani.